Kauli Inayokubali Kuanguka: Karl Popper na Maana ya "Imethibitishwa Kisayansi"

Ukipita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya siku yenye watu, au ukisubiri gari pale Kabwe jioni, haipiti muda kabla kipaza sauti hakijakuambia kwamba dawa fulani "imethibitishwa kisayansi". Leo ni unga wa mizizi unaotibu kisukari, presha na mgongo kwa mpigo mmoja. Kesho ni kimiminika cha kupulizia mahindi. Na pembeni hakosekani mzee anayekata maneno: "Sayansi gani hiyo? Jana walisema hivi, leo wanasema vile. Ni nadharia tu."

Muuzaji na mzee wanaonekana kupingana, lakini imani yao ni moja. Wote wanadhani sayansi ni ghala la mambo yaliyokwisha kuthibitishwa. Mmoja anaitumia imani hiyo kuuzia, mwenzake anaitumia kudharau, maana akiona jambo limebadilishwa anahisi ametapeliwa. Mtu aliyeipinga imani hiyo kwa miaka 60 na zaidi ni Karl Popper, mwanafalsafa aliyezaliwa Vienna, Austria, tarehe 28 Julai 1902 na kufariki Uingereza tarehe 17 Septemba 1994. Jina lake hutajwa sana vyuoni, mara nyingi kwa kukaririwa sentensi moja tu, kwamba kauli ya kisayansi lazima iweze kukanushwa, na sentensi hiyo mara nyingi inakosewa.

Kwanza maneno yenyewe. Mtaani, "nadharia" ni neno la kubeza: jambo la kusema tu, kinyume cha vitendo. Kwa wanasayansi, nadharia ni maelezo yanayounganisha mambo mengi na kusema kwa nini yako hivyo. Kwamba malaria huenezwa na mbu, si na hewa mbaya ya mabondeni, ni nadharia kwa maana hii ya pili, na vyandarua vyote tunavyotundika vimesimama juu yake. Nadharia tete ni pendekezo bichi ambalo bado halijapita kwenye majaribio mengi. Kukanusha ni kuonyesha kwa ushahidi kwamba kauli si kweli. Na neno ambalo Popper alilibeba maisha yake yote ni kukanushika: hali ya kauli kuwa na tukio fulani, linaloweza kuonekana na kupimwa, ambalo likitokea kauli hiyo imeanguka. Angalia vizuri hapo. Kauli inayokanushika si lazima iwe ya uongo. Ni kauli yenye mahali pa kupigwa.

Chukua kunguru. Mtu aliyekulia Mbeya au Iringa, asiyewahi kushuka pwani, amewaona kunguru wengi, na kila mmoja ana weupe mahali: huyu wa mjini ana kifua cheupe kama aliyevaa fulana, yule wa milimani ana doa jeupe kisogoni. Anaweza kusema kwa dhati, "Kila kunguru ana weupe." Akiwaona 1,000, au 10,000, kauli hiyo inapata nguvu moyoni mwake, lakini kimantiki haijathibitishwa, kwa sababu hajawaona wote na hatawaona wote. Siku akiteremka stendini Dar es Salaam anakutana na kunguru wa Kihindi, mweusi mwenye shingo ya kijivu, asiye na weupe hata chembe. Ndege mmoja anatosha kuiangusha kauli iliyobebwa na ndege 10,000. Kutokulingana huku, kwamba mifano mingi haimalizi kuthibitisha ilhali mfano mmoja unaweza kukanusha, ndiko Popper alikojengea falsafa yake ya sayansi.

Hakuyapata haya kwa kukaa kwenye kiti tu. Mwaka 1919 alikuwa kijana wa miaka 16 akielekea 17, ameacha shule na anahudhuria mihadhara ya Chuo Kikuu cha Vienna kama msikilizaji. Austria imetoka kushindwa vita, njaa iko mitaani, na kila kundi lina nadharia kubwa ya kueleza dunia. Kwa miezi michache aliwafuata wakomunisti. Juni mwaka huo polisi wakawapiga risasi waandamanaji wasio na silaha na baadhi wakafa. Kilichomshtua zaidi ya risasi ni jinsi nadharia ya chama ilivyokuwa na jibu tayari: mapambano ya matabaka lazima yawe na wahanga. Akajiuliza kama kweli anajua kwamba nadharia hiyo ni sahihi kiasi cha kuhatarisha uhai wa wengine. Akaona hajui.

Kipindi hichohicho alijitolea kusaidia watoto wa familia maskini chini ya Alfred Adler, daktari aliyeeleza tabia za watu kwa hisia ya kujiona duni. Siku moja Popper alimletea habari za mtoto ambaye kwake hakuonekana kuingia katika nadharia hiyo. Adler akamweleza mtoto yule papo hapo, bila kumwona. Popper akamuuliza ana uhakika gani. Adler akajibu kwamba ni kwa uzoefu wake wa mara 1,000. Popper akasema: basi na huyu, uzoefu wako umefika mara 1,001. Dhihaka hiyo ina hoja ndani yake. Kama kila mtoto, awe mkali au mpole, anaelezwa na nadharia ileile, basi watoto 1,000 hawakuipima hata mara moja. Waligongewa muhuri tu.

Sasa linganisha na lililotokea Mei 29 mwaka huohuo. Albert Einstein alikuwa amesema mwanga wa nyota ukipita karibu na jua utapinda, na akataja kiasi: takriban mara mbili ya kile ambacho hesabu za Newton zingetoa. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, kama upana wa sarafu ya sentimita mbili na nusu ukiitazama kutoka umbali wa kilomita 3. Nyota zilizo karibu na jua hazionekani mchana, kwa hiyo ilibidi kusubiri kupatwa kwa jua. Waingereza wakatuma vikosi viwili, kimoja Sobral huko Brazil na kingine kisiwa cha Principe, ng'ambo ya magharibi ya bara letu, alikokuwa mtaalamu wa nyota Arthur Eddington. Wakapiga picha, wakazilinganisha na picha za nyota zilezile zilizopigwa usiku wa kawaida. Novemba matokeo yakatangazwa: yalikuwa upande wa Einstein.

Kilichomgusa Popper si kwamba Einstein alipatia. Ni kwamba angeweza kukosa hadharani, kwa namba, mbele ya watu waliopanda meli kwenda kumpima. Adler hakuwa na picha yoyote ya kuogopa. Na kwa kuwa mara nyingi habari hii husimuliwa kama hadithi safi, niongeze kwamba moja ya darubini za Sobral ilitoa jibu lililokaribia la Newton. Waliliweka kando kwa sababu joto lilikuwa limeharibu umakini wake na picha zilitoka na ukungu. Wapo waliowalaumu, lakini vipimo vya baadaye, vingi na bora zaidi, vilikuja kukubaliana na Einstein. Kukanusha au kunusurika hakuishii kwenye picha moja, na Popper alilijua hilo.

Miaka iliyofuata alijifunza useremala kwa fundi mmoja mzee wa Vienna aliyedai ana jibu la kila swali. Popper aliandika baadaye kwamba kwa bwana huyo alijifunza kuhusu ujuzi, na kuhusu kutojua, kuliko kwa walimu wake wengine wote. Akapata shahada ya udaktari mwaka 1928, akafundisha hesabu na fizikia shuleni, na mwaka 1930 akamwoa Josefine Henninger, mwalimu mwenzake, ambaye ndiye aliyemchapia miswada yake. Kitabu chake kikuu, Logik der Forschung, yaani Mantiki ya Utafiti, kilitoka mwishoni mwa 1934. Toleo la Kiingereza lilichelewa hadi 1959, na ndiyo maana wengi wanadhani ni mtu wa baada ya vita.

Kitabu hicho kinauliza: mpaka kati ya sayansi na isiyo sayansi uko wapi? Jibu lililozoeleka wakati huo lilikuwa ushahidi wa kuunga mkono: kauli yenye mifano mingi ni ya kisayansi. Popper akalipindua. Mifano ya kuunga mkono ni rahisi kupata ukiitafuta. Mganga naye anayo. Mgonjwa akipona, dawa imefanya kazi. Asipopona, alivunja mwiko au alichelewa kuja. Akipona kisha akaugua tena, kuna mtu amemrudishia. Maelezo haya hayashindwi na chochote, na wateja huona kutoshindwa huko ni nguvu. Kwa Popper huo ndio udhaifu wenyewe: maelezo yanayokubaliana na kila tukio hayakuambii lolote kuhusu tukio lijalo.

Turudi kwenye kimiminika cha mahindi, maana hapa falsafa inashika jembe. Muuzaji anasema "kinaongeza mavuno". Kauli hiyo haina mahali pa kupigwa, kwa kuwa hata kilo moja ni ongezeko na hata mwaka wa hasara anaweza kusema bila dawa ungepata hasara zaidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumlazimisha ataje: kwa kiasi gani, kwenye mbegu gani, kwa dozi ipi. Akisema mavuno yatapanda kwa robo, sasa tuna kitu. Kiandike kwenye karatasi kabla ya kupanda, pamoja na sentensi ya pili ambayo watu huisahau: "Ongezeko likiwa chini ya hapo, nitakuwa nimeikanusha kauli yake."

Kisha pima vipande vya mita 10 kwa 10, viwili viwili: kimoja cha dawa, kingine bila dawa. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, kila kipande kinabeba mimea 440 hivi. Usitengeneze jozi moja. Tengeneza angalau nne, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kuwa juu ya zizi la zamani au kichuguu kilichosawazishwa, na ukasifia dawa kwa kazi ya samadi. Huku kwetu kwenye miteremko kuna hatari nyingine: mvua hukokota rutuba kwenda chini, hivyo vipande vya jozi moja vikae ubavu kwa ubavu kwa kufuata kontua, si kimoja juu na kingine chini. Kila jozi, rusha sarafu kuamua kipi kipuliziwe; ukichagua kwa macho utachagua kile unachokipenda. Mbegu itoke mfuko mmoja, ipandwe siku moja, mbolea ya kupandia na ya kukuzia ipimwe kwa kizibo kilekile pande zote. Kipande kisicho na dawa kipuliziwe maji matupu, kiasi kilekile, maana maji yenyewe wakati wa ukame wa wiki mbili yanaweza kuleta tofauti.

Majaribio mengi ya mkulima huharibika wakati wa kuvuna. Watu huhesabu rangi ya majani, ilhali kijani kibichi si gunia. Wengine hupima mahindi yakiwa na unyevu tofauti, na maji yana uzito. Acha mistari ya pembeni ya kila kipande, kwa kuwa dawa hupeperuka na mimea ya ukingoni hupata mwanga zaidi. Pukuchua, kausha, kisha jaribu kwa chumvi: weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, na chumvi ikigandia kioo bado ni mabichi. Mwisho, anayepima kwenye mzani asijue mfuko upi umetoka wapi. Andika tu A na B. Anayejua, hata akiwa mkweli, mkono wake hujaza debe kwa matumaini.

Kipande chenye dawa kikishinda katika jozi zote nne, je, umethibitisha? Popper angesema hapana. Kauli imestahimili jaribio ambalo lingeweza kuiangusha, na imestahimili kwenye udongo wako, kwa msimu huu mmoja wa mvua. Hiyo inatosha kukushawishi kuitumia mwakani kwenye eka nzima, si kuitangazia dunia. Kustahimili ni heshima ya juu kabisa anayoipa nadharia yoyote, hata ya Einstein.

Ikishindwa, muuzaji ataleta maelezo: mvua zilizidi, ulipulizia saa mbaya, bomba lilikuwa na mabaki ya dawa ya magugu. Hapa ndipo wengi humwelewa Popper vibaya. Wanasema kwake tukio moja baya linaua nadharia palepale, na utetezi wowote ni ujanja. Sivyo. Mzunguko wa sayari ya Uranusi ulikuwa haulingani na hesabu za Newton. Wanasayansi hawakumtupa Newton. Urbain Le Verrier wa Ufaransa akasema lazima kuna sayari nyingine inayoivuta, akataja mahali pa kuitafuta. Usiku wa Septemba 23, 1846, Johann Galle akaelekeza darubini ya Berlin pale na kuikuta Neptuni. Ule ulikuwa utetezi, lakini wenyewe ulikanushika: sayari isingekuwepo, ungeanguka. Le Verrier huyohuyo alipotumia dawa ileile kwa kasoro ya Utaridi, akidai kuna sayari iliyojificha karibu na jua, haikuonekana kamwe. Kasoro ile ilikuja kuelezwa na Einstein mwaka 1915.

Kipimo cha utetezi wa muuzaji ni hichohicho. "Ulipulizia saa mbaya" ni sawa kama anataja saa nzuri na yuko tayari upime tena. Kama mwakani atakuja na saa nyingine, huyo anajikinga.

Kosa jingine linalosambaa ni kwamba Popper alisema kisichokanushika ni upuuzi. Waliosema karibu na hivyo ni kundi la wanafalsafa wa Vienna ambalo yeye hakuwa mwanachama wake na alilipinga. Kwake dini, maadili na falsafa yenyewe vina maana, na mawazo mengi yaliyoanza kama ndoto zisizopimika, kama lile la kale kwamba vitu vimeundwa na chembe ndogo zisizogawanyika, yalikuja kuwa sayansi. Anachokataa ni kauli isiyopimika kuvaa koti jeupe la maabara.

Na wapo wanaodai mambo ya kale hayawezi kuwa sayansi kwa kuwa hakuna aliyeyashuhudia. Nenda kule Mbozi ukakitazame kimondo, chuma cha takriban tani 16. Hakuna kumbukumbu ya mtu aliyekiona kikianguka, wala hakuna shimo. Lakini kauli "kimetoka angani" inakanushika: vyuma vya angani huwa na nikeli ya asilimia kadhaa, wakati chuma kilichoyeyushwa kwenye matanuri ya kienyeji, na Wanyiha walikuwa mafundi wa kazi hiyo, hakiwi nayo kwa kiasi hicho. Kingeweza kupimwa na kukutwa hakina. Kilikutwa na asilimia 8 hadi 9. Popper mwenyewe alijikwaa hapa: aliwahi kuandika kwamba nadharia ya Darwin kuhusu uteuzi wa asili haipimiki. Mwaka 1977 akatangaza hadharani kwamba amebadili msimamo.

Hatari ya Wanazi ilimhamisha. Familia yake ilikuwa na asili ya Kiyahudi, na mwaka 1937, kabla Hitler hajaimeza Austria, aliondoka kwenda kufundisha Christchurch, New Zealand. Huko aliandika kitabu chake Jamii Iliyo Wazi na Maadui Zake, kilichochapwa 1945, na wazo lake ni lilelile likihamishiwa kwenye utawala: badala ya kuuliza nani anafaa kutawala, uliza utamwondoaje mtawala mbaya bila kumwaga damu. Kutoka 1946 alikuwa London School of Economics hadi alipostaafu 1969, akapewa cheo cha Sir mwaka 1965. Mwanabiolojia Peter Medawar, mshindi wa Nobeli ya 1960, na mtafiti wa neva John Eccles, mshindi wa 1963, walisema wazi kwamba aliwaongoza. Kwa mjadala ana kwa ana alikuwa mgumu mno kiasi kwamba watu walitania kwamba kitabu cha jamii iliyo wazi kiliandikwa na mmoja wa maadui zake.

Mkosoaji wake aliyesikika zaidi ni Thomas Kuhn, mwanahistoria wa sayansi wa Marekani, katika kitabu cha 1962. Kuhn alisema Popper anaeleza jinsi wanasayansi wangepaswa kuishi, si wanavyoishi. Siku za kawaida hawahangaiki kuangusha nadharia kuu; wanaitumia kutatua mafumbo madogo, na matokeo yasiyolingana huwekwa kabatini mpaka yarundikane. Kama maelezo ya tabia za watu, nadhani Kuhn alikuwa sahihi zaidi. Kama ushauri kwa mtu anayetaka kununua kimiminika, Popper bado ndiye wa kwenda naye sokoni.

Na yule mzee anayelalamika kwamba wanasayansi hubadilisha maneno? Ana mfano mzuri mlangoni kwake. Mwaka 2005 timu mbili, moja iliyofanya kazi Rungwe na Kitulo na nyingine Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa upande wa Iringa, zilitangaza kwa pamoja aina mpya ya tumbili wa msituni. Walikuwa na picha na sauti, hawakuwa na mwili. Kwa umbo lake wakamweka kwenye kundi moja la tumbili wa mitini, Lophocebus, wakiandika alama walizotumia ili yeyote aweze kuwapinga. Baada ya muda mnyama mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima Rungwe. Fuvu na vinasaba vikapimwa: yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida kuliko na kundi lile. Mwaka 2006 sehemu ya kwanza ya jina lake la kisayansi, Lophocebus, ikafutwa, na akaundiwa jenasi, yaani kundi, lake peke yake, Rungwecebus. Sehemu ya pili haikuguswa. Ilibaki kipunji, jina ambalo wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakilitumia tangu mwanzo.